Mitutu Miwili, Triga Moja

Mwili wa mzee Rugaibula ulikuwa bado chumba cha maiti Bukoba mjini, na huku kijijini Kishanda ndugu zake walikuwa wameshamchagulia mahali pa kaburi: pembezoni kabisa mwa kibanja, shamba la migomba la ukoo, kando ya njia ya ng'ombe. Dativa, binti yake, aliyasikia hayo kwenye kikao sebuleni kwa baba yake mkubwa, Kahigi, na damu ikamchemka. Babu yao, bibi yao, hata watoto wachanga wa ukoo ule walilala katikati ya migomba. Baba yake tu ndiye alikuwa anatupwa njiani.

Sababu ilijulikana. Dativa akiwa hajaanza shule, Rugaibula na mdogo wake Joackim walikwenda kufukuza nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo. Rugaibula alifyatua mara moja, akaifunga bunduki isifyatuke, akampa Joackim aishike wavuke mtaro. Kijiti kikagusa triga, na Joackim akafia palepale. Tangu siku hiyo Rugaibula alikuwa na neno moja tu, kwamba aliifunga, na ukoo ukamgeuzia mgongo. Renatha, mjane wa Joackim, alimkaribisha kila mgeni kwa kahawa ya kutafuna isipokuwa shemeji yake huyo.

Na bunduki je? Bunduki iliheshimiwa. Ilitundikwa ukutani kwa Kahigi, juu ya picha za kipaimara, ikipakwa mafuta kila Krismasi, na mtu asiiguse. Ilikuwa ya ajabu kweli: mtutu wa juu wa marisau, wa chini wa risasi moja kubwa, na triga moja ya kuitumikia yote miwili. Ubavuni ilikuwa na kidude kimoja, kidogo kama kifungo cha koti. Ukikisukuma mbele, unafyatua wa juu; ukikirudisha nyuma kabisa, wa chini; kikikaa katikati, imefungwa. Hakikuwa na alama wala kizuizi cha kukisimamisha hapo katikati. Yaani mtu mzima na akili zake alikaa akaona inafaa kuweka usalama katikati ya vifo viwili. Chuma hicho kilipakwa mafuta, baba yake akapakwa matope.

Kahigi aliuliza kama kuna mwenye neno, na hakuwa anawauliza wanawake. Dativa akasimama hivyo hivyo, akaishusha bunduki ukutani. Wazee wakaguna. Akaikunja, akawaonyesha kuwa mitutu yote ni mitupu, akaikunjua, akasukuma kidude mbele, kisha akamkabidhi Kahigi.

"Baba mkubwa, umempiga nguruwe kwa mtutu wa juu. Sasa ifunge."

Kahigi akacheka kwa dharau, akakivuta kidude kwa dole gumba.

"Imefungwa."

"Una hakika?"

"Nimeishika kabla hujazaliwa."

"Basi vuta triga."

Akavuta, bila hata kuangalia mtutu umeelekea wapi. Chuma kikagonga chuma, tak: kidude kilikuwa kimepita katikati hadi nyuma, na kila mtu akaona kwamba bunduki ilikuwa imeelekea kwenye benchi alilokalia Renatha.

Kahigi akaanza kueleza kwamba dole limemteleza kidogo, kwamba mtu akiwa makini haiwezi kutokea. Renatha alikuwa ameweka mkono kifuani, akiutazama mtutu.

"Mchimbieni kaburi karibu na Joackim," alisema. "Ni mimi ninayesema."

Vijana wakatumwa majembe. Mzee mmoja akamwambia Dativa amshukuru Mungu, jambo limekwisha. Hapo ndipo hasira ilipompanda kuliko mwanzo.

"Limekwisha kwa nani?" aliuliza. "Tumeijaribu hapa, na chai yenu haijapoa. Taata, baba yangu, alikaa nyumba ya pili kutoka hapa mpaka akazeeka, na hakuna hata mmoja wenu aliyenyoosha mkono ukutani."