Tumbo la Mzee Funguo

Mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kilikuwa chembamba: meza moja yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa, na ukuta uliojaa funguo butu zilizoning'inia zikisubiri kuchongwa meno. Alifiwa na mkewe zamani, akamlea binti yake peke yake mpaka binti akawa mwalimu wa baiolojia. Waliishi nyumba moja, na kwa kuwa walikuwa wawili tu, utani ndio uliokuwa mwanafamilia wao wa tatu.

Mambo yalianza asubuhi ile mama mmoja, mjane wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alipokuja kufungua duka lake jipya la maziwa, ukuta kwa ukuta na kibanda. Ufunguo ulimkatikia ndani ya kufuli. Madebe ya maziwa yako juani, wateja wanamtazama, naye analigombeza kufuli kama mtoto mtundu. Mzee Funguo akatoka na waya mwembamba, akainama, akatega sikio. Kufuli likaachia kabla yule mama hajamaliza maneno yake.

"Fundi, wewe una mkono!" akasema. Hata kufagia duka hakukumbuka. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe kidogo, akamjazia glasi mpaka ukingoni.

Mzee Funguo hakuwa amegusa glasi ya maziwa tangu ujana wake. Alitaka kusema ameshiba. Lakini Mama Maziwa, maana ndivyo mtaa ulivyombatiza siku hiyohiyo, akamsogezea glasi usoni.

"Kunywa, fundi. Marehemu mume wangu alikuwa hanywi. Kila siku tumbo, kila siku tumbo. Madeko tu yale! Mwanaume anayekataa maziwa ya mkono wangu, mimi namwona mpita njia."

Mzee Funguo akamtazama machoni, na papo hapo akajua kwamba hataki kabisa kuwa mpita njia. Akaipindua glasi yote kooni, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Hayana mfano."

Mchana tumbo likaanza kunguruma. Kwanza polepole, kama gari linalokataa kuwaka, halafu likawaka. Mteja aliyekuja kuchongesha ufunguo aligeuka nyuma akidhani kuna pikipiki inapita. Jioni mzee alikuwa amelala chali kwenye kochi, tumbo limevimba kama mpira, anaguna.

"Umekula nini, baba?" akauliza binti yake.

"Chakula chako mwenyewe."

"Mimi nimekula hichohicho."

"Basi ni umri, mwanangu. Usinihoji kama polisi."

Kesho yake asubuhi Mama Maziwa akaleta glasi nyingine. Na kesho yake tena. Ikawa mazoea: yeye anagonga ukuta wa mbao mara moja, mzee anatupa tupa chini na kukimbilia mlangoni, akijifanya alikuwa anatoka kupunga upepo. Wanazungumza kidogo, wanacheka sana, glasi inarudi tupu. Mchana unaofuata ni wa mateso. Mzee akasingizia maharage, akasingizia maji ya bomba, na siku moja akafikia kusema kuna mtu anamwonea kijicho.

"Nani akuonee kijicho, baba, na tumbo hilo?" akasema binti. "Halafu mbona siku za Jumapili, duka la jirani likifungwa, wewe ni mzima kama chuma?"

Mzee akajifunika tumbo kwa mto wa kochi. Binti akamkazia macho yale anayowakazia wanafunzi wenye majibu mifukoni.

"Baba. Unakunywa maziwa?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mzee akaonyesha kwa mikono kitu chenye urefu wa chupa. Binti akacheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi, akaleta kiti karibu na kochi.

"Sikiliza. Maziwa yana sukari yake. Sukari hiyo ni vipande viwili vilivyoshikana, na utumbo hauwezi kuipitisha kwenye damu mpaka ikatwe katikati. Kinachoikata kinaitwa kimeng'enya. Mwili una vimeng'enya maelfu, na kila kimoja kina kazi yake. Kinachovunja wanga wa mkate hakijui kuvunja nyama, na kinachovunja nyama hakiwezi kukata sukari ya maziwa. Lazima vishikane sawasawa, umbo kwa umbo."

"Kama ufunguo na kufuli," akasema mzee, akainua kichwa.

"Hasa. Ila huu ni ufunguo usiochakaa. Ukishakata sukari moja unaiachia, unashika nyingine, unakata tena, na wenyewe uko vilevile."

"Ufunguo wa namna hiyo ungenifukuza kazini."

"Sasa, ukiwa mtoto mchanga unanyonya, mwili unatengeneza ufunguo huo kwa wingi. Ukishaacha ziwa, watu wengi sana miili yao inapunguza. Inaona hakuna kazi. Ndiyo hali yako."

"Yaani nimewaachisha kazi vijana wangu bila kujua?"

"Bila hata barua. Kwa hiyo sukari inapita nzimanzima mpaka utumbo mpana, na huko kuna bakteria wanaoingoja kwa hamu. Wanaila, wanatoa gesi. Hayo unayosikia mchana ni karamu yao."

Mzee akalitazama tumbo lake kwa uchungu wa mtu aliyegundua wapangaji wake wanapiga ngoma. "Lakini si ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Acha tu hayo maziwa."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Hapo mzee akageukia ukuta, akasema amechoka, anataka kulala. Jua lilikuwa bado halijazama. Binti akaelewa kila kitu, akauma mdomo asicheke tena.

Mzee Funguo akatafuta njia ya katikati. Chini ya meza yake ya kazi aliishi paka wa rangi ya majivu, mvivu, asiyekuwa na mwenyewe. Basi Mama Maziwa alipoleta glasi, mzee alionja funda moja, akasema anaingia nayo ndani ainywe kwa utulivu, kisha akaimimina kwenye kisahani cha paka. Paka akafurahi. Mzee akafurahi. Mchana tumbo likatulia, mikono ikarudi kwenye tupa, na akaanza hata kupiga mluzi.

Furaha hiyo haikudumu. Paka naye akaanza kuvimba na kunguruma, na siku moja, bila kuomba ruhusa, akaharibu kabisa sanduku la misumari. Binti alipopita kibandani akakuta baba yake amefunga pua kwa leso, anaosha msumari mmojammoja.

"Paka wakubwa nao wengi wao hawana kimeng'enya hicho, baba," akamwambia. "Umemwonea mwenzio. Kamwambie yule mama ukweli. Funda moja tu la ukweli."

"Nitamwambia."

Lakini kusema ni rahisi ukiwa unaosha misumari. Ukiwa mbele ya mtu anayekutabasamia na glasi mkononi, ulimi unakuwa mzito kama nanga. Mzee akarudi kunywa mwenyewe, kwa kumhurumia paka.

Kisha ukaja mwaliko. Mama Maziwa alimwomba mzee afike nyumbani kwake Jumamosi alasiri, arekebishe kitasa kimoja kinachosumbua, na aje na binti yake. Aliongeza, akikunjakunja kona ya kanga yake, kwamba dada yake mkubwa atakuwepo na angependa kumwona fundi. Mzee Funguo hakuwa mjinga. Mtu haalikwi pamoja na binti yake, mbele ya dada mkubwa, kwa ajili ya kitasa. Akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akapiga pasi hata leso.

Sebule ya Mama Maziwa ilikuwa ndogo na safi: makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani, feni inayozunguka bila haraka. Dada mkubwa alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha mbao, mwembamba, mkavu wa maneno, anamtazama mgeni kuanzia viatu kupanda juu. Mama Maziwa akaingia na sinia. Glasi ya mzee ilikuwa kubwa kuliko zote, na kabla hajaigusa, binti yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Mzee akainywa. Yote. Dada mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Mama Maziwa akamwongezea nusu.

Maongezi yalikwenda vizuri kwa muda. Dada mkubwa aliuliza kazi, akauliza ukoo, akauliza afya. "Afya, namshukuru Mungu, iko imara," mzee akajibu, na hapohapo, katikati ya kimya cha heshima, tumbo likajibu pia. Lilianza chini, likapanda, likapinda kona, likamalizika kwa mlio mwembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Dada mkubwa akaitazama feni. Mama Maziwa akatazama dirisha. Binti akatazama magoti yake, mabega yanamtetemeka.

"Samahani," mzee akasema, akisimama taratibu sana. "Msalani ni wapi?"

"Mwisho wa ukumbi. Lakini fundi, ndicho kitasa chenyewe kile..."

Hakusubiri kusikia. Akafika mlangoni, akazungusha kitasa, kikagoma. Kilikuwa kimejifunga, na mkoba wa kazi ameuacha sebuleni. Mtu aliyefungua makufuli ya mtaa mzima alisimama mbele ya mlango wa choo akitokwa jasho, magoti yamebanana, akipapasa mifuko ambayo haikuwa na kitu ila leso iliyopigwa pasi.

"Leteni kitu!" akaita. "Waya! Pini! Chochote!"

Mama Maziwa akaja mbio, akachomoa pini kichwani, nywele zikamwagika mabegani. Mzee akainama, akatega sikio, lakini hakusikia kitasa. Alisikia tumbo tu. Akajaribu tena. Mlango ukafunguka. Hakusema asante.

Alipotoka baadaye, amenawa uso na kupoteza heshima yote aliyokuja nayo, Mama Maziwa alikuwa bado amesimama ukumbini. Hakuwa anacheka.

"Niambie kweli, fundi. Maziwa yangu ni mabovu?"

"Hapana, mama."

"Maana nimeona. Mchana nikibisha hodi kwako, unajibu ukiwa umeinama. Nilidhani una ugonjwa unaonificha. Leo nimeona ni maziwa. Kama nayachemsha vibaya, niambie."

"Maziwa yako hayana kosa," mzee akasema. "Tumbo langu ndilo halina ufunguo wake."

Akamweleza yote, palepale kwenye ukumbi, kuhusu sukari yenye vipande viwili na kimeng'enya cha kuikata, na jinsi mwili wake ulivyoacha kukitengeneza alipokua. Alipokwama, binti, aliyekuwa amewafuata pamoja na dada mkubwa, akamsaidia. Mzee alipofika kwenye habari ya paka, dada mkubwa akatoa sauti fulani puani, akaigeuza kuwa kikohozi.

Mama Maziwa alisikiliza mpaka mwisho. "Na watu wenye hali hiyo ni wengi?" akamuuliza binti.

"Wengi mno, mama. Watu wazima wengi duniani."

"Na si madeko?"

"Si madeko hata kidogo."

Mama Maziwa akaegemea ukuta. Yule mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa alipozungumza tena, ilibidi wasogee kumsikia.

"Yule marehemu mwenzangu... Miaka yote ile nilimwita mdekaji. Mbele za watu nilimwita. Naye alikuwa anacheka tu, anasema, mke wangu, tumbo langu halikupendi kama mimi ninavyokupenda."

Dada mkubwa akamshika mkono. "Alijua unamtania."

"Alijua," akasema Mama Maziwa, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akamgeukia mzee, na uso ukaanza kurudi rangi yake. "Na wewe je? Kila asubuhi unakunywa, kila mchana unakufa, kesho yake unarudi?"

"Uliniambia asiyekunywa ni mpita njia."

Mama Maziwa akafunika mdomo. Kicheko kilitoka hivyohivyo, kupitia vidole, na kikawaambukiza wote ukumbini. Dada mkubwa ndiye aliyeacha wa mwisho.

"Mdogo wangu," akasema alipopata pumzi, "mimi nimekuja kumpima mwanaume huyu. Kama tumbo lake limevumilia hayo, vurugu zako atazivumilia."

Wakarudi sebuleni. Binti akasema kuna jambo moja zaidi: maziwa yaliyogandishwa mtindi mara nyingi huwa mepesi kwa mtu kama baba yake, kwa sababu bakteria wa mtindi wanakuja na kimeng'enya chao wenyewe, sehemu ya sukari wameshaila, nyingine wanamsaidia kuikata humohumo tumboni. "Wao si kama wale wa karamu," akasema. "Hawa ni vibarua waaminifu."

Mama Maziwa hakungoja. Alikuwa na mtindi wa siku mbili jikoni, akamtilia kikombe kidogo. Mzee akakitazama kama askari anayetazama uwanja wa vita alikokwisha kushindwa. Akaonja kijiko. Akamaliza kikombe. Wakakaa wote wanne, wanazungumza habari za mvua na bei ya sabuni, na masikio yao yote yako kwenye tumbo la mzee. Saa ya ukutani ikatembea. Feni ikazunguka. Hakuna kilichonguruma.

"Haya," akasema Mama Maziwa, akibana nywele zake upya. "Huyo aliyekuwa anakusemea amenyamaza. Sema mwenyewe sasa."

Mzee Funguo akatoa leso yake iliyopigwa pasi, akafuta jasho. Binti yake akainuka haraka, akakusanya glasi, akasema anakwenda kuziosha. Dada mkubwa hakwenda popote. Alivuta kiti chake cha mbao mbele kidogo, akaweka mikono juu ya mapaja, akangoja.