Aliyeongoza Mwezi wa Nane

Arlys Hoekstra hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipojitolea kumpigia debe Gavana Stroud katika kitongoji chao cha Iowa, alikuwa amekwisha kuziona namba: kila wapima maoni walipotoa matokeo, gavana alikuwa juu, na wenzake wa chama hichohicho wakigombania makombo. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Mchujo wenyewe, wa kumpata mgombea urais wa chama, ulikuwa wa majira ya baridi.

Shemeji yake Delbert, mdogo wa mumewe, alikuwa upande wa Seneta Kopp, mwanamke ambaye watu walikuwa bado wanalikosea jina lake.

"Shem, wako anaburuta mkia," Arlys alimwambia kwenye maonyesho ya kilimo, wakila nguruwe wa kukaanga.

"Na wako ni jina tu. Watu wanapigiwa simu, wanataja jina wanalolijua."

"Basi walijue na la kwako!"

"Ndiyo kazi tuliyo nayo."

Arlys alicheka hadi akapaliwa. Lakini neno lile la simu halikumtoka akilini. Yeye mwenyewe alikuwa amepigiwa simu na wapima maoni msimu wa kupanda mahindi, akiwa jikoni, mikono imejaa unga, akamtaja Stroud ili wamwache aendelee kukanda.

Tatizo ni kwamba gavana naye alizisoma namba zile, akaziamini. Aliahidi kuja kula chakula cha jioni katika ukumbi wa kanisa, akatuma udhuru. Akaahidi tena, akatuma udhuru tena. Safari hii ya pili watu walikuwa wamekwisha kuvua makoti na pai zilikuwa mezani. Verna, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akauliza kwa sauti:

"Hivi Arlys, huyu mtu wako anatuomba kura au anatudai?"

Arlys akaanza kukata pai. Kopp naye alikuja bila makeke, akaketi jikoni kwa Verna, akasikiliza habari za mafuriko hadi chai ikapoa. Kufikia Krismasi pengo lilikuwa limeliwa. Arlys alipopiga simu makao ya kampeni, mtu mmoja mwenye haraka alimjibu, "Usijali, mama. Nchi nzima sisi ndio tunaongoza."

Jioni ya mchujo theluji ilikuwa imefika magotini. Katika ukumbi wa michezo wa shule, kundi la kila mgombea lilisimama kwenye kona yake lihesabiwe. Kona ya Arlys ilikuwa na watu wa kujaza meza moja tu, mumewe Gene akiwamo. Mwenyekiti akatangaza kwamba kundi la Stroud halikutimiza idadi inayotakiwa, na kwa kanuni za chama watu wake waliruhusiwa kuhamia kwingine.

Gene alikohoa. "Mke wangu, miguu inaniuma. Na kule kwa Delbert wana viti."

Ukumbi mzima ukacheka. Arlys pia alicheka, ingawa uso ulimwaka moto.

"Nenda, mzee. Nendeni nyote, sina kinyongo."

Wakaenda. Yeye alibaki chini ya goli la mpira wa kikapu, beji ya gavana kifuani. Delbert akamfuata.

"Njoo bwana, shem. Unasimama peke yako kama nguzo ya uzio."

"Nilitoa neno langu. Aliyeshindwa kuja ni yeye, si mimi."

Wakahesabu bila yeye. Kopp alishinda jimboni, Stroud akatoka wa tatu, na kabla wiki haijaisha akajitoa.

Usiku uleule wa mchujo, walipokuwa wakiondoa theluji kwenye magari, Delbert alikuwa hashikiki. Kopp sasa angepanda kila mahali, alisema. Wapima maoni wangelazimika kumweka juu, na basi, mchezo umekwisha.

"Usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa," Arlys alimwambia.

"Wivu huo, shem!"

Na kweli Kopp alipanda, akaongoza kwa majuma kadhaa. Kisha majimbo ya kusini yakapiga kura, na aliyeibuka ni meya mmoja ambaye mwezi wa nane hata Delbert hakuwahi kumtaja. Kopp akamwachia uwanja kabla mahindi hayajapandwa.

Jumapili mbili Delbert hakuonekana mezani kwao. Ya tatu, Arlys alimtuma Gene akamchukue, na wakala kuku bila mtu kutaja siasa, hadi Delbert mwenyewe aliposema, "Huyo meya, mnamjua vizuri lakini?"

Hakuna aliyemjua. Mwezi wa kumi na moja, uchaguzi mkuu ulipofika, wote watatu walimpigia kura.