Moshi Sebuleni kwa Shemeji

Shemeji alitoka chumbani ameikumbatia chupa, kaivika soksi hadi shingoni ili lebo isionekane.

"Leo nimekupata, bwana mpishi!"

Mpishi akacheka kicheko cha mdomoni tu. Miaka nenda rudi alikuwa akionja wiski za huyu kaka wa mkewe na kutaja zilikotoka bila kubabaika, hadi akabandikwa jina la Pua. Lakini tangu yale mafua makali yaliyomlaza kitandani, Pua hakuwa na pua. Kitunguu, sabuni, maua, vyote kwake sawasawa na maji. Kule hotelini aliwaamuru wapishi wenzake waonje mchuzi kabla yake, akijitia anawafundisha. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Shemeji akiigundua, na ule mdomo wake usio na breki, hoteli nzima ingepata habari kabla ya chai ya asubuhi. Na mpishi asiyenusa, nani atamwachia jiko?

Ndiyo maana njiani mume na mke walikula njama. Mke angenusa kwanza. Akijikuna sikio, wiski inanuka moshi, basi jibu liwe visiwa vya Uskoti. Akishika mkufu, ni tamutamu, aseme Ayalandi. Ulikuwa mpango wa kitoto, ila hawakuwa na mwingine.

Shemeji akamimina. "Haya! Shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Imetoka wapi?"

Mke akanusa. Mpishi naye akainua glasi puani, basi tu, kutimiza wajibu. Ghafla akaruka kitini.

"Jikoni! Kuna kitu kinaungua!"

Akatoka mbio. Akafungua oveni, akafunua sufuria moja moja, akainamia hata pipa la taka. Majiko yote yalikuwa baridi. Akasimama pale na mfuniko mkononi, halafu akarudi sebuleni polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Mkewe alikuwa bado anajikuna sikio, machozi yanamtiririka.

"Shemeji, umelewa kabla ya kunywa?" Shemeji alikuwa hoi kwa kicheko. "Ni wiski hiyo! Shayiri yake imekaushwa kwa moshi. Jibu basi, imetoka wapi?"

Mpishi akaitumbukiza pua ndani ya glasi. Moshi ulikuwa hafifu, kama wa kuni zilizomwagiwa maji, lakini ulikuwa moshi kweli. Furaha ikamjaa.

"Sijui," alisema.

"Japani!" Shemeji akapiga meza. "Pua kashindwa! Kesho dunia nzima itajua!"

"Waambie tu, shemeji yangu. Waambie wote."

Akaketi karibu na mkewe, akainamia kichwa chake, akanusa. Akanusa tena.

"Umebadilisha mafuta ya nywele."

"Siku nyingi," mkewe akasema. "Nilikuwa nakusubiri."