Mafuta ya Kurudi

Kli, kli, kli. Kengele ndogo ililia nje ya wodi, na Wankyo aliyekuwa akigumia kwa uchungu wa kuzaa akainua kichwa.

"Nani kamwita Padre?"

"Mimi," nilijibu, tena kwa majivuno. Juzi nilikuwa nimerudi kutoka Musoma, kwenye semina ya viongozi wa vituo vya afya vya Kanisa, na daftari langu lilikuwa limejaa: mgonjwa ni mwili na roho. Mtoto wa Wankyo alikuwa amelala upande tumboni. Mama asipopasuliwa hospitalini Bunda jioni ile, wangekufa wote wawili. Landrova ilikuwa tayari. Nikaona apakwe mafuta matakatifu kwanza.

Wankyo akakamata chuma cha kitanda. "Siendi! Kwetu Kiriba tulikuwaga tunasikia hiyo kengele, kesho yake matanga."

"Mama, haya ni mafuta ya wagonjwa, si ya kufia. Kanisa linafundisha..."

"Kafundishe wazima!"

Mkunga Mwanaupe, binti wa fundi cherehani wa Bunda, akanivuta koti. "Bwana Tabibu, mimi Mwislamu, dini yenu siijui. Lakini mtu hajafa umeshampigia kengele! Muulize basi anaogopa nini. Au hilo kwenye daftari halimo?"

Lilimo. Ukurasa wa kwanza: sikiliza kabla hujahubiri. Nililipigia mstari mwenyewe, mara mbili. Masikio yakaniwaka.

Mlangoni, Padre Wenceslaus aliifumbata kengele kiganjani, akangoja. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, unaogopa nini?"

Alisubiri uchungu upite. "Mafuta."

"Hatutakupaka kama hutaki."

"Si hayo. Ya gari. Dada yangu alipelekwa mbali hivi hivi, akafia huko, dizeli ya kumrudisha hakuna. Wakamzika watu wasiojua hata jina lake. Ya kwenda mnayo. Ya kurudi je?"

Hatukuwa nayo. Kibali chetu cha dizeli cha mwezi ule kilitosha safari moja tu, tena ya kwenda bila kurudi. Ningeweza kudanganya.

"Sina, mama. Ila napanda na wewe."

Mkono wake ukalegea kwenye chuma. "Sema kwa sauti, wasikie."

Nikasimama. "Wankyo, sitoki Bunda bila wewe. Ukipona tutarudi hata kwa miguu, mtoto nitambeba mimi. Mungu akikuchukua, nitakuleta kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenu, nikuzike kwa jina lako. Naahidi mbele ya Padre, na mbele ya Mwanaupe."