Hedhi ya MaDlomo

Kila asubuhi MaDlomo alimwekea mke wa mwanawe bakuli la ugali mkavu uliovurugwa kwa maziwa mgando, kisha akakaa kumtazama. Haukuwa ukarimu. Katika ukoo ule mwanamke aliye mwezini hanywi maziwa wala hakanyagi zizini, kwa hiyo siku ambayo makoti, kama walivyomwita mke wa mwana, angesukuma bakuli kando, mama mkwe angejua mambo yako sawa. Makoti huyu, ambaye wakwe walimpa jina la Nosakhele, alikuwa akimaliza bakuli tangu mwamba ulipoporomoka kule mgodini Rustenburg.

Mumewe Lwandile alipona, lakini wenzake aliokuwa nao chini hawakupona, na tangu siku hiyo hakuongea na mtu. Simu yake iliita weee mpaka ikakata. Nosakhele hakupata usingizi, alikonda mashavu, na siku zake hazikuja. Lwandile aliondoka nyumbani baada ya Krismasi, na sasa watu walikuwa wanavuna mahindi. MaDlomo alijifanyia hesabu yake.

"Nani kakutia mimba, makoti?"

"Sina mimba, Mama. Ni mawazo."

"Mawazo! Mimi nilizika mume, nikazika na mtoto, na mwezi wangu ukaja vilevile. Mawazo yenu ya siku hizi yana miguu na mikono."

Gari la kliniki lilipopita, Nosakhele alipimwa mkojo kwa kijiti. Muuguzi alisema hakuna mimba, na kwamba mtu akizidiwa na hofu mwili wake unaweza kuahirisha hedhi. Hali ikiendelea, arudi aangaliwe tena. MaDlomo alijibu kwamba kile kijiti hakikuolewa katika ukoo wake, basi hakina la kusema.

Wiki hiyohiyo MaDlomo aliingia mwezini. Hedhi yake ilikoma kabla umeme haujafika kijijini, na alikuwa amekwisha kuisahau. Damu ilikuja nyekundu, changa, ikinukia sabuni aliyoogea Nosakhele. Makoti alipolia bombani, damu ilizidi. Aliposinzia, ilikatika. Wakati wa kufua vitambaa vyake, MaDlomo aliisikia simu ya mwanawe ikiita tumboni mwake, ikiita tu, bila kupokelewa.

Alipoingia zizini kukamua, ng'ombe wote waligeukia ua wakampa mgongo. Aliposogea, nao walisogea kwa pamoja, kimya, hata kwato hazikusikika. Akatoka na ndoo tupu. Kuanzia siku hiyo alikunywa chai bila maziwa.

Kikao cha ukoo kilifanyika zizini, kama ilivyo desturi. Tata Mzwabantu, baba wa ukoo na kaka wa marehemu mumewe, ndiye aliyekiongoza. MaDlomo alisimama langoni akatoa mashtaka yake kutoka hapohapo. Mzee aliwatazama ng'ombe waliompa MaDlomo mgongo, kisha akautazama mstari mwekundu uliotoka nyumbani mpaka miguuni pa shemeji yake.

"Shemeji, uko mwezini."

"Si yangu. Ni ya huyu."

"Simama hukohuko, basi. Tunakusikia."

Nosakhele alikuwa amepiga magoti kando ya lango. Alisema, "Tata, kama damu ni yangu, basi sina mimba."

Mzwabantu alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu wa ugomvi tu.

"Ni yako, mwanangu, tumeiona. Lakini haikutoka kwako. Sisi tunamhesabu aliyetokwa."

Wakaamua Nosakhele arudishwe kwao mpaka Lwandile atakapofungua mdomo. Hakuna aliyeuliza nani angeufungua mdomo huo.

Kaka yake Nosakhele alikuja kumchukua kwa pikapu. Kabla ya kutoka, Nosakhele aliingia kwa mama mkwe na pakiti ya pedi.

"Chukua hizi, Mama. Vitambaa vinakuchubua."

MaDlomo alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani.

"Na damu yangu, Mama? Naiachaje huku?"

MaDlomo alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna hiyo.

"Itabaki hapa," alisema. "Hiyo tuliitolea ng'ombe wa mahari."

 Nosakhele alibeba blanketi zake akaenda garini.