Krosi Zenye Tundu

Asubuhi msimamizi wa machimbo alitutangazia madereva, yeye akiwa kivulini sisi juani: lori ambalo halitakuwa getini saa nane mchana linafutwa kwenye orodha ya kubeba mzigo ya msimu mzima. Langu lilikuwa limelala nyuma ya duka la vipuri, propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, imeshushwa. Mkononi nilishika krosi mbovu, kile kichuma cha umbo la msalaba kinachoiunga propela na kuiacha izunguke hata gari likiruka mashimo.

Duka ni la shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Mdomo wake hauna breki.

"Shemeji, umeniletea krosi au kutu?"

"Waulize wakubwa wa barabara. Wameigeuza shamba la viazi."

Akachomoa kikombe kimoja kati ya vinne vinavyofunika ncha za krosi. Ukamwagika unga mwekundu.

"Hii haikuuawa na shimo, imekufa kwa kiu. Hao wakubwa ndio waliokuwa wakikupigia grisi?"

Aliyekuwa akiingia uvunguni kila Jumamosi na bomba la grisi ni dada yake. Tangu tumzike, mwaka na miezi miwili sasa, bomba lile sijaligusa.

Shemeji akaipima ile mbovu, akaweka maboksi mawili juu ya kaunta. Kipimo kimoja, krosi tofauti: moja imezibwa kiwandani, nyingine ina tundu la kupigia grisi.

"Nipe iliyozibwa. Haina usumbufu."

"Ungekuwa unabeba magodoro mjini ningekufungia sasa hivi. Wewe unazama kwenye maji ya machimbo mpaka ekseli. Yakiingia humo yatatokea wapi? Hii yenye tundu, grisi mpya inayasukuma nje. Ila inataka mtu wa kuikumbuka."

"Huyo mtu kafa."

"Na aliyebaki kakatwa mikono?"

Nikachukua mbili zenye tundu, maana hata ya upande wa pili ilikuwa inacheza. Nikazifunga, nikairudisha propela, nikaingia uvunguni. Shemeji akanisogezea bomba kwa mguu.

Krosi ya kwanza ilitoa grisi ncha zote nne. Ya pili, tatu tu. Saa saba na robo, na safari ni nusu saa.

"Inatosha!" nikapiga kelele.

"Hicho kikombe kikavu ndicho kitakachokuangusha mlimani. Tikisa propela, upige tena!"

Nikatikisa, nikapiga, nikatikisa, nikiwataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Nilishafika kwa mawaziri grisi ilipochomoza ncha ya nne, ikanidondokea shavuni. Nikabaki nimelala pale kidogo zaidi ya kazi ilivyohitaji.

Bodi ya lori ikagongwa. "Shemeji, umehamia huko?"

Nilifika getini saa nane na dakika kumi na mbili. Malori yamejipanga, injini zimezimwa, meza ya orodha haina mtu. Msimamizi alikuwa hajarudi kutoka kula. Miaka yote niliyowalaani wakubwa kwa uvivu, na siku hiyo ukanifaa! Nikajipanga mkiani.

Alikuja saa tisa kasorobo, anajipangusa mdomo.

"Umechelewa, mkubwa," nikamwambia.

Akaandika namba ya lori langu bila kuniangalia.