Kadi ya Nyongeza

Alawi alikuwa ameshapanga kamera sita juu ya kaunta, na Yusta alikuwa ameshazikataa nne. Ya kwanza nzito. Ya pili inataka mikono miwili. Ya tatu kioo chake hakionekani juani, na hilo alilijua kwa sababu alitoka nayo nje, akasimama katikati ya wapita njia wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kuielekeza juu huku wabeba viazi wakimpiga vikumbo. Ya nne alisema tu hajaipenda. Mnunuzi wa namna hii humtoa muuzaji jasho, lakini Alawi alikuwa amerithi lile duka kwa baba yake, na pamoja na kaunta alirithi subira.

"Dada yangu, niambie basi unakwenda kupiga nini. Harusi?"

"Natembea na baba yangu mashambani. Mkono mmoja nimemshika yeye. Nataka ya kushika kwa mkono mmoja, iingie mfuko wa koti, na manyunyu yasiiue."

"Na simu yako?"

"Simu sitaki."

Alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma, pale stendi, kijana mmoja alimpokonya simu mkononi akapotea nayo kwenye msongamano. Ndani yake zilikuwamo picha zote za mwaka wa mwisho wa mama yake. Haikubaki hata moja. Tangu siku hiyo Yusta aliapa kwamba picha za baba atazitia kwenye chombo chenye kazi moja tu, kisichopigiwa na mtu wala kutolewa mfukoni kila dakika. Mpango haukuwa mbaya hata kidogo.

Na baba mwenyewe hakuwa na muda. Mzee Vitus aliishi ng'ambo ya mto, mbele kidogo ya Kalenga, huko Iringa, na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari aliyemtibu hospitali ya Tosamaganga hakumzungusha, alimwambia ukweli akampa dawa. Mzee alirudi nyumbani na ombi moja tu: azikwe ubavuni mwa mama yake.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama huyo alifariki siku aliyomzaa Lea, mdogo wake Vitus, na Vitus mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Alizikwa shambani, kama walivyozikwa wengine wa ukoo. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa. Halafu, miaka ya shida, Vitus alilikodisha shamba, na trekta la mkodishaji likapita juu ya kaburi na kulisawazisha. Waliozika wote walikuwa wameshakufa. Duniani alibaki mtu mmoja aliyejua mahali penyewe, Vitus, na kwa aibu ya lile trekta hakuwahi kumwonyesha Lea, aliyelelewa kwa wajomba na kuolewa mbali huko Njombe. Kila mwaka alisema mwakani. Sasa alitaka kumwonyesha Yusta, mwanawe pekee aliyebaki, taratibu, Jumamosi kwa Jumamosi, kadiri miguu itakavyokubali.

Kamera ya tano ikampendeza. Ilikuwa ndogo, ya bluu, ina mpira pembeni ili isiteleze, na kidole gumba kilifika kila kitufe bila shida. Aliiwasha na kuizima, akavuta picha ya bango la mbali mpaka herufi zikasomeka, akaiingiza mfukoni na kuitoa mara nne kama askari anayejifunza bastola. Alawi akajumlisha na betri ya akiba. Bei wakapatana.

"Sasa kadi," Alawi akasema. "Hii hapa mpya, imefungwa, ina dhamana."

"Kadi nilipe tena? Kaka, nyongeza yangu iko wapi?"

Usimlaumu. Mama yake aliuza maharage miaka ishirini, na maharage hayakuondoka pale bila konzi moja ya juu. Mtoto aliyekulia nyuma ya kisado anajua kwamba anayeondoka sokoni bila nyongeza amechekwa. Yusta akakunja mikono mbele ya kaunta na kusubiri. Alawi akatikisa kichwa, akafungua droo iliyojaa vikorokoro, akatoa kadi moja iliyochubuka. Iliandikwa GB 64.

"Hii ilikuja na mzigo wa mitumba. Lakini dada, nyongeza siiwekei dhamana. Ningekuwa wewe ningechukua ile mpya."

"Ungekuwa mimi ungekuwa umeshauziwa zote mbili," Yusta akamjibu, wakacheka wote. Akatoka dukani na furaha ya mtu aliyeshinda. Leo akiukumbuka ushindi ule hutamani kujizaba kofi.

Walitembea Jumamosi nne, kuanzia Oktoba. Ijumaa Yusta anapanda basi Mbeya, jioni yuko Iringa, asubuhi yuko kwa baba. Jumamosi ya kwanza walifika mtoni tu, wakakaa kwenye mwamba. Yusta alipiga picha mto, akapiga mwamba, akampiga mzee akinywa maji kwenye kiganja. Alirekodi video ndefu ya nyani waliokuwa wakigombana, na sauti ya mzee akiwatania kwa Kihehe. Ya pili wakafika shule aliyosoma. Ya tatu wakafika kwenye kilima kidogo, na mzee akasimulia habari za ng'ombe mmoja mkorofi kwa muda wa nusu saa nzima, na nusu saa nzima Yusta akairekodi.

"Mama, hata mavi ya ng'ombe unapiga?" baba alimuuliza.

"Yanapendeza, baba."

Mzee alicheka mpaka akashika kifua. Ilikuwa furaha ya kweli ile, na haifai kuisema vinginevyo.

Jumamosi ya nne wakaingia shambani. Lilikuwa tupu, limelimwa, linasubiri mvua. Katika ukoo wao kuonyeshwa ardhi kulikuwa na utaratibu wake. Unavua viatu. Unasimama penyewe kwa nyayo zako, unataja jina la aliyelala hapo mara tatu. Halafu unarudishwa mwanzo wa shamba, unakuja peke yako bila kuongozwa. Ukikosea unarudishwa tena. Vitus alirudishwa na baba yake mpaka akalia, na ndiyo sababu trekta halikumpotezea kitu.

Walianzia kwenye mkuyu. Mzee alihesabu hatua kwa sauti, akipumzika kila baada ya chache, akakata kushoto kwenye mawe, akahesabu tena. Akasimama.

"Ni hapa. Vua viatu, mama."

"Baba, ngoja kwanza. Wingu linakuja, mwanga utaharibika. Simama hivyohivyo, nyoosha mkono, sema yote tangu mkuyuni."

Mzee akasema yote. Yusta alikuwa akitazama kioo, kama kofia inakata uso, kama kidole kimeonekana. Aliyasikia maneno kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akapiga picha sita, na kila moja ilipotokea kwenye kioo ilikuwa safi.

"Haya, sasa vua viatu. Rudi kule, uje mwenyewe."

"Pumzi inakukatika, baba. Twende ukapumzike. Ninayo yote humu." Akapiga mfuko wa koti.

Mzee Vitus aliutazama ule mfuko kwa muda. Alikuwa amechoka kweli, midomo imebadilika rangi.

"Basi sawa," akasema. "Ninyi mna vyombo."

Mzee alifariki Februari, Jumanne alfajiri, akiwa usingizini. Yusta alifika siku hiyohiyo jioni. Shangazi Lea alikuwa ameshafika kutoka Njombe, na watu wa kanisani walikuwa wameshaweka turubai. Asubuhi ya maziko Shedrack, jirani aliyeongoza wachimbaji, akaja na majembe na sururu.

"Dada Yusta, pole sana. Tunakusubiri wewe utuonyeshe. Mahindi yamesimama, hatujui tufyeke wapi."

Yusta akaingia chumbani kwa baba yake, akakaa kitandani, akawasha kamera. Mto ukatokea. Mwamba, mzee na maji kiganjani, nyani. Shule. Kilima. Ng'ombe mkorofi, nusu saa. Alibonyeza mbele, na kioo kikawa cha kijivu, katikati pana alama ya kuuliza. Akabonyeza tena. Kijivu. Majina ya picha yalikuwapo, tarehe zilikuwapo, picha hazikuwapo. Akaitoa kadi, akaipuliza, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. Kijivu. Alitafuta risiti kwenye pochi akampigia Alawi.

"Iliandikwa sitini na nne?" Alawi aliuliza. "Dada, hizo nyingine zinaandikwa kubwa lakini ndani ni ndogo. Ikijaa haisemi. Inakuonyesha picha palepale ukipiga, lakini haijaiweka. Kulikuwa na kitu cha maana?"

Yusta akakata simu. Aliitoa kadi na kuisukumia mfukoni, na kamera akaitia mfuko mwingine, bila kujua anafanya hivyo kwa nini.

Alikusudia kusema. Hilo lazima lielezwe, kwamba alitoka chumbani akiwa amekusudia kusema. Lakini walipofika ukingoni mwa shamba, Shangazi Lea aliinama na kuvua viatu vyake, mwanamke wa miaka sitini na mitatu mwenye magoti mabovu, akavishika mkononi.

"Shangazi," Yusta akaanza.

"Twende, mwanangu. Kaka alinipigia simu mwezi wa kumi na moja. Alinililia, akanisimulia habari za lile trekta. Akasema, lakini usihofu, Yusta anapajua." Alikuwa akitabasamu na machozi yanamtoka. "Tangu nizaliwe sijamsalimia mama yangu."

Wanaume walisimama na mapanga, wakimtazama. Yusta akaenda mkuyuni. Akahesabu. Zilikuwa thelathini, au arobaini? Mawe yaliyokuwa rundo moja mwaka jana sasa yalikuwa marundo manne, yamekusanywa na wapaliliaji, na mahindi yalimzidi kimo, kila mstari sawa na mwenzake. Akakata kushoto. Alijaribu kumkumbuka baba yake amesimama, na alichokiona ni kioo tu, na kofia isiyokata uso.

"Hapa," akasema.

Wakafyeka. Shedrack akamuuliza baba alazwe upande gani, naye akasema upande wa kulia. Wakachimba. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, na hata ukuta wa shimo uliopaswa kugusana na kaburi la bibi, mpaka kina cha mtu aliyesimama, haukuonyesha dalili yoyote ya kuwa uliwahi kuguswa. Shedrack alilitambua hilo, alinyanyua macho kumtazama Yusta, kisha akayashusha, akaendelea kutupa udongo. Pembeni, juu ya mabua yaliyofyekwa, Shangazi Lea alikuwa amepiga magoti na kuweka viganja chini.

"Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kihehe. "Ni mimi, Lea."

Padri alisali, jeneza likashushwa, watu wakatupia udongo. Msalaba ukasimamishwa. Yusta hakulia, na wanawake waliomzunguka walinong'onezana kwamba ana moyo mgumu, au kwamba machozi yatamjia baadaye. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, shangazi akamshika mkono.

"Ile kamera yako unayo? Hebu piga hapa, tusije tukapapoteza tena."

Yusta akaitoa. Aliielekeza kwenye msalaba, na shangazi akasimama kando yake, miguu mitupu, nguo imejaa udongo mwekundu magotini. Kidole gumba kikabonyeza. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, umeikumbatia kadi.

"Imetoka?"

"Imetoka, shangazi."

"Vizuri." Lea alipapasa ardhi upande wa kushoto kwa wayo, polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu godoro. "Basi na mimi siku yangu mnilaze hapa, mama awe katikati. Utawaonyesha wewe."

"Sawa, shangazi," Yusta akasema.